Nimechagua Jiwe na Chokaa

Mimi ni mwana wa Pate, mzaliwa wa mji ule wenyewe uliokipa kisiwa jina lake. Miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza Mombasa, katika duka la vifaa vya ujenzi, nikiandika risiti za simiti, nondo na mabati. Mizigo ikipakiwa kwenda Lamu nilifurahi kwa dhati, nikijua kwamba baadhi ya mifuko ile itavushwa mpaka kwetu, na nikiamini kwamba kila mfuko ni hatua moja ya maendeleo. Leo naishi katika nyumba ya mawe niliyoirithi kwa mama. Nimeitengeneza kwa chokaa, na riziki yangu naipata kwa kuwatafutia mawe na chokaa watu wanaotaka kujenga. Natoa ushuhuda huu kwa sababu visiwa vyetu vimefika wakati wa kuamua vitajengwa kwa nini, na mimi nimeishi pande zote mbili za uamuzi huo.

Anayelelewa Pate hulelewa kati ya magofu. Kuta za enzi za Wanabahani, masultani wa Pate wa zamani, ziko nyuma ya nyumba tunazokaa. Ndani ya vyumba vilivyokuwa vya mabwana watu hulima tumbaku. Tulikua tukiisikia Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaoyachukua majumba ya Pate yaliyovunjika kuwa funzo la kupita kwa dunia. Funzo hilo ni la haki na bado naliheshimu. Lakini ndani ya moyo wangu wa kitoto liliacha na jambo jingine: nilikua nikidhani jiwe ni mali ya marehemu. Waliojenga kwa mawe ni watu waliokwisha kufa. Sisi wazima, tukiwa hatuna, tunajenga kwa udongo na makuti. Tukijaliwa, tunajenga kwa bloki na mabati. Ndivyo nilivyoyaona mambo, na ndivyo walivyoyaona wenzangu wengi niliosoma nao.

Kwetu, baba mwenye uwezo humjengea binti yake nyumba, na mume huja kuishi kwa mkewe. Nyumba yetu ilipita kwa bibi, ikaja kwa mama, ikanifikia mimi. Ina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza pande mbili, kisha unakata kona kuingia kiwandani, uwanja wa ndani ya nyumba, ili mpita njia asione ya ndani. Baada ya kiwanda ni msana, ukumbi mrefu wa kukaa, halafu ndani, na ukuta wa ndani una zidaka chache, vishubaka vya ukutani, ambazo nakshi zake zilikuwa zimezibwa na rangi za miaka nenda miaka rudi. Kuta zina unene wa kama nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba.

Mama alipotangulia mbele ya haki, nyumba ilikuwa katika hali ya kutia huruma. Kuta za chini, kama za nyumba nyingi za mtaa, zilikuwa zimepigwa plasta ya simiti. Plasta ile ilikuwa imevimba, imepasuka, na rangi inabanduka vipande vipande. Chumba cha ndani kilinuka unyevu. Nilikuja na ramani niliyochorewa Mombasa: ukuta wa mbele ubomolewe, zisimamishwe nguzo za zege, chumba kipanuliwe, paa liwe la mabati. Hesabu ya usafirishaji niliijua kuliko mtu yeyote: lori mpaka Mokowe, chombo mpaka Mtangawanda au, maji yakijaa, mpaka Pate yenyewe, kisha punda mpaka mlangoni. Simiti inapofika kwetu huwa imeshalipiwa safari mara kadhaa.

Mjomba alimleta mwashi mzee kutoka Siyu aipime kazi ya kubomoa. Nilimkaribisha kahawa, nikamwonyesha ramani. Aliitazama kwa adabu, akairudisha, akaomba tindo na nyundo. Aliugonga ukuta polepole kuanzia chini, sikio likiwa karibu, mpaka akapata mahali panapolia kama pana uwazi nyuma. Akaingiza ncha ya tindo, akabinya mara moja, na kipande cha plasta kikubwa kuliko sinia kikaanguka chini kizima. Nyuma yake mlikuwa na maji. Mawe yalikuwa meusi kwa unyevu, na kati ya ukuta na plasta palikuwa na unga mweupe. Alichukua kidogo kwa kidole akaniambia nionje. Ilikuwa chumvi.

"Ami, basi ukuta umekufa?" nilimuuliza.

"Mwanangu, ukuta huu si mgonjwa," alisema. "Mmeuvisha nguo ya mpira. Uvueni, muuache uvute pumzi."

Tulibandua plasta yote ya chini tukauacha ukuta uchi msimu mzima wa kaskazi, milango na madirisha yakiwa wazi mchana. Kila nilipokuja kutoka Mombasa niliupapasa kwa kiganja. Weusi ulikuwa ukishuka, mawe yakirudi rangi yake ya kijivu na majani makavu. Harufu ya chumba ikaondoka. Masika yalipokaribia, ukuta ulikuwa mkavu, umesimama wima kama timazi inavyotaka, na hapakuwa na sababu yoyote ya kuubomoa. Ramani yangu ilibaki kabatini.

Ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo dukani sikuwa nimepata haja ya kuyauliza. Jiwe tunalojengea ni matumbawe ya kale, yaliyoota baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ikashuka ikayaacha juu yakawa mwamba. Jiwe hilo limejaa vitundu. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kuingia humo, na chumvi husafiri nao. Ukuta uliopakwa chokaa huutoa unyevu huo nje, kwa sababu chokaa nayo ina vitundu. Simiti huuzuia. Maji yakikosa pa kutokea hurundikana, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na chembe zake zinapokua huisukuma plasta mpaka inaachana na mawe. Nguzo za zege nazo zina maradhi yake kando ya bahari. Zikichanganywa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi huila nondo ndani kwa ndani, kutu ikavimba, zege likapasuka. Nyumba za namna hiyo nimeziona Mombasa na nimeziona Lamu, na nyingine hazijatimiza hata umri wa kijana wa kuoa.

Chokaa yenyewe nilitaka kuiona inavyotengenezwa tangu mwanzo, nikaenda Siyu kwa kazi hiyo. Magogo ya minazi iliyokufa na kuni nyingine hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati huachwa tundu la kuwashia. Juu yake hurundikwa mawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukishika hunguruma usiku kucha, na rundo hushuka kidogo kidogo kadiri magogo yanavyoliwa. Kukicha na joto likipungua, mawe yako pale pale, umbo ni lile lile, ila ukiliinua moja mkono unashtuka kwa wepesi wake: moto wa karibu nyuzi 900 umeifukuza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake.

Mwashi alinipa kipande nikitie katika ndoo ya maji. Kwa muda hakikufanya kitu. Kisha kikaanza kutoa povu, kikapasuka, maji yakachemka bila moto, mvuke ukapanda, na ndani ya ndoo pakawa na uji mweupe laini. Alinivuta bega nirudi nyuma, kwa kuwa chokaa mbichi huchoma ngozi na huweza kupofua jicho. Jambo la kwanza ambalo kijana wa kazi hii anapaswa kufundishwa ni kujikinga macho na mikono. Uji ule hulazwa miezi kadhaa chini ya maji, na kadiri unavyolala ndivyo unavyozidi kuwa mzuri. Ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huirudisha polepole hewa ile ile iliyofukuzwa na moto, mpaka unageuka jiwe tena. Kwa hiyo ukuta na plasta yake huwa kitu kimoja, vinapumua pamoja na kuzeeka pamoja.

Kazi ya kupaka ilinifundisha subira. Tabaka la kwanza hupigwa, likaachwa likashika, likanyunyiziwa maji na kufunikwa magunia lisikaushwe haraka na upepo, ndipo lije la pili. Fundi wa simiti angekuwa amemaliza na kuondoka zamani. Lakini nyumba imepitisha masika ikiwa kavu, na mchana wa jua kali mtu akiingia ndani kutoka uwanjani husita mlangoni, anashusha pumzi. Sina haja ya feni. Jirani yangu aliyejenga kwa bloki nyembamba na mabati, mtu mwema ninayempenda, huja kulala adhuhuri kwenye msana wangu.

Kuipenda nyumba yangu, hata hivyo, kungeweza kuishia hapo, kuwa jambo la mtu na urithi wake. Kilichonigeuza kabisa ni Shanga.

Shanga ni mji uliohamwa, upande wa kusini wa Siyu, njia ya miguu inapita mashamba na vichaka. Kuanzia mwaka 1980 mwanaakiolojia Mark Horton aliuchimba mji huo kwa miaka kadhaa. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwenzake. Wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa mdogo, wa miti. Ulifuatwa na mwingine, ukafuatwa na mwingine, na kufikia mwaka 1000 hivi wakawa wanajenga kwa matumbawe. Nyumba za mawe za watu binafsi zilikuja baadaye sana, katika karne ya 14. Karne ya 15 mji ukahamwa.

Nilisimama kwenye kuta zile nikiwa na habari hizo kichwani, na mawazo yangu ya utotoni yakaondoka. Wale hawakuwa marehemu wakijijengea makaburi. Walikuwa watu wazima wenye mambo yao, walioijua miti na udongo kwa vizazi, wakakaa chini wakachagua kitu kipya. Jiwe kwao ndilo lilikuwa usasa. Na walipolichagua, walianza na mahali pa wote. Mtu aliendelea kulala katika nyumba ya miti huku akichangia nguvu zake msikiti ujengwe kwa mawe. Tangu siku ile nalitazama kila jengo la umma kisiwani kwetu nikijiuliza: mahali hapa pa wote pamepewa kilicho bora, au pamepewa kilichobaki?

Chukua baraza. Nyumba ya zamani ya mawe huupa mtaa benchi bila mtu kuomba. Baraza zangu za nje zilikuwa zimemomonyoka, nikazijenga upya kwa mawe na chokaa, nikamwomba mwashi azipanue kidogo na kuzilaza kingo ili zisiumize magoti ya wazee. Asubuhi mama mmoja wa mtaani huuzia hapo mahamri na mbaazi. Mchana wanafunzi wa chuo hukaa wakidurusu. Baada ya alasiri wazee huchukua zamu yao. Jiwe lililo kivulini halichemki, kwa hiyo mahali hapo hapakai bure. Tazama sasa nyumba nyingi mpya za bloki: ukuta unashuka wima mpaka njiani, mlango wa chuma, basi. Mtaa umenyang'anywa pa kukaa, na hakuna aliyeamua kuunyang'anya. Ramani ndiyo iliyosahau. Anayejenga kwa bloki anaweza naye kuacha baraza, na namsihi afanye hivyo, lakini mwashi aliyefunzwa jiwe hawezi kusahau, kwa kuwa baraza ni sehemu ya ukuta anaoujua.

Chukua jabia. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na kwa muda mrefu watu wa Pate na visiwa jirani wamekunywa maji ya mvua. Jabia ni uwanja uliosakafiwa kwa mteremko unaopokea mvua na kuipeleka katika tangi lililofunikwa. Uwanja huo, ukitunzwa safi, ni jengo la umma lenye heshima kuliko ofisi yoyote, maana uhai wa mtaa mzima umo ndani yake. Wanawake ndio wanaojua jabia ipi inavuja, na ipi maji yake yanakaa matamu mpaka kiangazi kinapokwisha. Yanapofanywa mashauri ya ujenzi, wao ndio wa kuulizwa mwanzo.

Chukua na Ngome ya Siyu. Ilijengwa karne ya 19, wakati ambapo Siyu ilikuwa ikiukataa utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar, na majeshi ya Sayyid huyo yalishindwa hapo katika miaka ya 1840. Imesimama kando ya mkono wa bahari, na iko chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ngome kama ile ikikarabatiwa, faida kubwa kwangu ni ile isiyopigwa picha: kijana wa hapa kushika mwiko na kujifunza kiasi cha chokaa na kiasi cha mchanga. Ujuzi huo akitoka nao pale anaweza kujengea zahanati, darasa, soko la samaki.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya visiwani tu. Sivyo. Nairobi mpaka leo inajengwa kwa mawe ya kukatwa kwa mashine kutoka machimbo ya Ndarugu. Bamba za mawe ya Mazeras, kutoka huku huku pwani, zimetandazwa katika nyua na njia za miguu za Mombasa na Nairobi. Jiwe halijaondoka katika ujenzi wa sasa. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba linabandikwa: jengo ni zege tupu, kisha usoni linagandishwa vipande vyembamba vya mawe ili lipendeze. Sina ugomvi na uzuri. Lakini jiwe linapobeba dari, kuzuia joto na kukalisha watu, faida yake inazidi ya kupendeza machoni.

Lamu wanalijua hilo. Ngome yao, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza mpaka 1984. Sasa ina maktaba na maonyesho, na uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake ndio sebule ya mji. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Pate haimo katika orodha hiyo, na naona kutokuwamo kwetu kunatupa jukumu zaidi: hatuna mgeni wa kutukumbusha, tujikumbushe wenyewe. Zanzibar nako kulitufunza kwa uchungu. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la mawe linataka mtu wa kulitazama kila mwaka: paa lisivuje, maji yasituame kwenye msingi, mti usiote ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba zetu methali hii ni maelekezo ya kazi kabisa.

Kulipenda jiwe kumenipa pia wajibu wa kuuliza linatoka wapi. Mabwana wa zamani walichongea nakshi zao tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai, kwa sababu likiwa bichi ni laini na likikauka linakuwa gumu. Ndugu zangu ni wavuvi, na tumbawe la namna hiyo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Kwa hiyo mimi sinunui wala siuzi jiwe la miamba hai, hata kwa mihrabu. Zidaka zangu zilizovunjika zilirudishiwa nakshi kwa kuchongwa katika chokaa yenyewe, kazi ambayo mafundi wa karne ya 18 waliifanya kwa ustadi mkubwa. Wala sigusi mawe ya magofu. Yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006, na hata kama yasingelindwa, gofu la mwenzako si chimbo lako.

Jiwe langu ni la nchi kavu, na mengi hutoka Manda, katika machimbo ya Maweni. Huko nimewaona vijana kutoka bara wakikata bloki za matumbawe kwa sururu na mashoka chini ya jua, vumbi jeupe limewafunika mpaka kope. Jiwe likishapakiwa chomboni kila mmoja anapata faida, na mara nyingi mkataji ndiye wa mwisho. Nikiagiza mzigo huuliza mkataji analipwa nini, na hukubali bei ya juu nikijua inamfikia. Msikiti au shule iliyojengwa kwa jiwe la jasho lisilolipwa haina baraka, naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Na chimbo likishachoka lifukiwe, lipandwe miti, lisiachwe shimo la kuvunja miguu ya watoto.

Boriti nazo zina hesabu yake. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni, wakata mikoko wa kwetu walikosa kazi. Tukitaka kuendelea kujenga dari za boriti hatuna budi kukata kwa mpango na kupanda zaidi ya tunachokata. Kina mama wa visiwani wanaopanda miche ya mikoko matopeni wanafanya kazi ya ujenzi, ijapokuwa hakuna anayewaita waashi.

Simiti sijaifukuza. Msingi unaopigwa na maji kila bamvua unaihitaji, tangi jipya linaihitaji, na mtu mwenye haraka ya kuwahifadhi watoto kabla ya masika atajenga kwa anachokipata, na ana haki. Ninachokataa ni kuichukulia simiti kuwa ndiyo maendeleo na jiwe kuwa umaskini au kumbukumbu. Nimeandika risiti za kutosha kujua fedha zinakwenda wapi. Ukijenga kwa simiti, sehemu kubwa ya fedha zako inavuka mkondo na hairudi. Ukijenga kwa jiwe na chokaa, zinakaa kwa mkataji, nahodha, mwenye punda, mchoma chokaa, mwashi na mchonga mlango wa Siyu. Kisiwa kinajilipa chenyewe.

Niliacha kazi ya Mombasa kwa hiari na kwa heshima. Chumba cha nje cha nyumba yangu sasa ni ghala: mapipa ya chokaa iliyolala, nyingine tangu mwaka jana, mchanga ulioogeshwa maji ya mvua, na daftari la maagizo. Wateja wa kwanza walikuwa wenye nyumba za zamani zinazovuja. Siku hizi wanakuja pia akina baba wanaotaka kumjengea binti nyumba mpya, na hao ndio wanaonipa matumaini makubwa, kwa kuwa wanajenga kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Kwa viongozi wetu wa kaunti na wa mitaa ombi langu ni moja. Kabla ya kutangaza kazi ya darasa, gati, zahanati au choo cha soko katika kisiwa hiki, waulizeni waashi wa Siyu na wa Pate: nini kinaweza kujengwa kwa jiwe la hapa, na vijana wangapi watafundishwa huku kazi ikiendelea. Shanga ilianza na mahali pa wote. Nasi tuanze hapo. Na kwa mwenye kutaka kujenga au kutengeneza nyumba yake, asingoje mvua. Aje kaskazi, wakati magogo yamekauka na tanuu linawaka, aweke jina lake daftarini, tumchomee chokaa yake na tuilaze mapema, ili mwakani ikifika zamu ya ukuta wake, iwe tayari.